Kabla Hujaitupa Kompyuta Yako ya Windows 10

Swali ni lile lile. Linatoka kwa wenye steshenari wa Majengo, kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo cha Mipango, kwa walimu wa Kongwa na Manyoni, na kwa makarani wa SACCOS wanaotunza akaunti za wanachama kwenye kompyuta moja ya mezani: Microsoft wameshaifunga Windows 10, fundi kasema mashine haipokei Windows 11, sasa nifanyeje? Jibu ni kwamba mashine nyingi za aina hiyo bado zina miaka ya kazi mbele yake. Lakini mwenyewe hana budi kuamua jambo moja, na aliamue mapema. Kompyuta isiyopata tena marekebisho ya usalama haifai kubeba fedha, vyeti na siri za watu ikiwa kwenye intaneti. Ama uirudishie marekebisho hayo, ama uitoe mtandaoni.

## Kilichokoma ni nini

Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuipelekea marekebisho ya bure. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Inawaka, inachapa barua, inafungua WhatsApp, na ndiyo maana watu wengi wanadhani hakuna kilichotokea. Kilichokoma ni viraka vya kila mwezi vinavyoziba matundu ambayo wavamizi huyatumia kuingia. Hatari yake inakua taratibu: Microsoft wakiziba tundu kwenye Windows 11, wavamizi hukichunguza kile kiraka ili kujua tundu lilikuwa wapi, kisha hulitafuta tundu hilo hilo kwenye Windows 10 isiyozibwa. Kwa hiyo mashine ambayo haijapata kitu leo inaweza kuwa wazi kabisa baada ya miezi sita, bila mwenyewe kugusa chochote.

Mtu atasema, "Nina antivirusi, inatosha." Haitoshi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za umma za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Tundu lililotumika lilikuwa limezibwa na Microsoft tangu Machi mwaka huo, miezi miwili kabla. Mashine nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa, ila wenye mashine hawakuwa wameweka kiraka. Hapo ndipo pa kushika: kilichowaangusha ni kukosa kiraka, wala si umri wa kompyuta. Mashine ya 2014 yenye viraka vya mwezi huu ni salama kuliko ya 2022 ambayo mwenyewe alizima masasisho ili kuokoa bando.

## Je, ni haki kuziacha mashine za zamani?

Hili wasomaji huliuliza kwa uchungu, na uchungu huo una msingi. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, uwashaji wenye ulinzi, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka nusu ya pili ya 2017. Matokeo yake, laptop ya Core i7 ya kizazi cha 7 yenye RAM ya GB 16 inakataliwa, huku Celeron dhaifu yenye RAM ya GB 4 iliyotoka baadaye kidogo ikikubaliwa. Basi kipimo hakikuwa uwezo wa kufanya kazi. Microsoft wanasema kipimo ni usalama, na ni kweli kwamba chipu hizo mpya hulinda funguo za siri vizuri zaidi. Ila hoja hiyo inatosha kumshauri mtu anunue mashine mpya. Haitoshi kumnyima kiraka mwenye ile ya zamani, kwa sababu kumnyima kunampunguzia usalama huo huo unaotajwa.

Hoja nyingine ni gharama: hakuna kampuni inayoweza kuhudumia kila kitu milele. Hiyo nayo ina uzito. Hata mfumo wa Linux, unaosifiwa kwa kubeba mashine kongwe, uliiondoa chipu ya Intel 386 mwaka 2012, na Debian 13, toleo la Linux la Agosti 2025, halina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Msimbo wa zamani usiotazamwa na mtu huficha matundu. Mwaka 2015 liligunduliwa moja, lililopewa jina la VENOM, ndani ya msimbo wa kuigiza kiendeshi cha floppy, na lilikuwa limekaa humo tangu 2004. Kwa hiyo kikomo lazima kiwepo. Lakini ile 386 ilitoka 1985, ikaachwa baada ya miaka 27. Prosesa ya kizazi cha 7 ilikuwa na miaka tisa hivi tu Windows 10 ilipofungwa. Tena viraka vya Windows 10 bado vinaandikwa: kampuni zinazolipa zinaweza kuvipata hadi Oktoba 2028, na toleo maalumu la Windows 10 kwa mashine za viwandani na za malipo litahudumiwa hadi Januari 2032. Kazi ikiwa inafanyika tayari, kilichobaki ni nani afunguliwe mlango na nani afungiwe. Kusitisha mambo mapya kwa mashine za zamani ni haki ya Microsoft. Kusitisha viraka wakati mamia ya mamilioni ya watu bado wanazitumia, hapana. Google walipobanwa na wateja walikubali, Septemba 2023, kuzihudumia Chromebook kwa miaka 10. Inawezekana pakiwa na nia.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Laptop nyingi tunazonunua zimetoka kwenye makampuni ya Ulaya, Marekani na Ghuba, yanayobadilisha vifaa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Zinaingia kwa kontena Dar es Salaam, kisha zinapanda hadi Dodoma na Singida. Muda wa huduma huhesabiwa tangu siku mashine ilipotoka kiwandani, si tangu siku mama mwenye steshenari alipoinunua kwa mkopo. Kikomo hiki hakimgusi mmiliki wa kwanza. Kinamwangukia wa pili, mwenye kipato kidogo, ambaye hakuwepo wakati wa kuamua. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta milioni 240 zingeweza kugeuka taka kwa sababu ya uamuzi huu. Sehemu yake itapitia bandari zetu, ikiuzwa kwa bei ya kuvutia.

Kudai haki ni sawa, na taasisi zetu zinazonunua leseni kwa wingi zina nguvu ya kulisema hili mezani. Wewe mwenye mashine moja huwezi kusubiri.

## Anza kwa kuijua mashine yako

Usimlipe mtu kabla hujayajua haya manne. Prosesa, RAM na biti vinaonekana kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya maelezo ya mfumo; aina ya diski inaonekana kwenye Task Manager, sehemu ya Performance.

- Kizazi cha prosesa. Tazama namba baada ya i3, i5 au i7. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8250U ni cha 8. i5-10210U ni cha 10. Maandishi "Core i7" peke yake hayakuambii kitu.
- RAM. GB 4 ni kidogo kwa Windows yoyote ya sasa. GB 8 inatosha kazi za ofisi.
- Aina ya diski. Kama ni ile ya kuzunguka, hapo ndipo uzito wa mashine unapotoka. Kuweka SSD ya GB 256 huifufua laptop kuliko kitu kingine chochote, kwa gharama ndogo ukilinganisha na kununua nyingine.
- Biti 64 au 32. Kama prosesa yenyewe ni ya biti 32, iache istaafu.

Kuna kosa moja la mafundi linalowagharimu watu. Mashine ya kizazi cha 8 inapimwa, majibu yanakuja kwamba haifai, mwenyewe anaambiwa auze. Mara nyingi TPM ipo, ila imezimwa kwenye BIOS. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, usome. Ikisema haikuonekana na prosesa yako ni ya kizazi cha 8 au zaidi, fundi aingie BIOS aiwashe kabla ya neno lingine lolote.

Kwa wanaojua mashine kwa majina: HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460 na T470, na Dell Latitude 7480 ziko nje ya mstari. EliteBook 840 G5, ThinkPad T480 na Latitude 7490 zenye prosesa ya kizazi cha 8 ziko ndani.

## Njia ya kwanza kuiangalia: viraka vya nyongeza

Kwa mtu binafsi, Microsoft walitangaza mwaka mmoja wa viraka vya nyongeza, hadi 13 Oktoba 2026. Mashine iwe na Windows 10 toleo la 22H2, nawe uwe na akaunti ya Microsoft. Unaweza kulipa dola 30, ambazo ni zaidi ya shilingi 70,000, au ukapata bila malipo kwa kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Akaunti moja inaweza kubeba hadi kompyuta 10. Ingia sehemu ya Windows Update. Kama mashine inastahili, utaona kiungo cha kujiandikisha. Hii ni pumzi ya muda: itumie kuhamisha mafaili na kujaribu njia nyingine.

Ofisi zina bei tofauti: dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka mitatu. Ofisi yenye mashine 20 ikipiga hesabu hiyo hadi mwisho itaona ni nafuu kubadilisha. Shule zimewekewa dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu, na hili walimu wakuu wengi hawalijui. Muulize anayewauzia leseni.

## Linux, na hofu zinazoizunguka

Kwa mashine ya kizazi cha 3 hadi cha 7 yenye RAM ya GB 4 au zaidi, hii ndiyo njia ninayoipa uzito mkubwa, kwa sababu inarudisha viraka bila malipo na kwa muda mrefu. Linux Mint 22, kwa mfano, itapata viraka hadi 2029, na toleo lake la Xfce ni jepesi. Wala si jambo geni nchini: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Hofu ya kwanza ni kwamba mifumo ya serikali haitafunguka. Kazi nyingi za steshenari leo, kuanzia maombi ya ajira na mikopo ya wanafunzi hadi malipo ya TRA na zabuni za serikali kwenye mfumo wa NeST, hufanyika ndani ya kivinjari, na Firefox na Chrome zote zipo kwenye Linux. Hofu ya pili ni Word na Excel. LibreOffice inafungua mafaili hayo, lakini mpangilio wa kurasa unaweza kuhama. Barua inayotoka itume kama PDF. Mwanafunzi anayerudishiwa tasnifu na msimamizi ikiwa na masahihisho pembeni ajaribu sura moja kwanza. Hofu ya tatu ni ya kweli kabisa: anayetumia Tally au QuickBooks ya kwenye kompyuta, au kifaa chenye programu ya Windows pekee, abaki na Windows kwa mashine hiyo.

Utaratibu wa kuhamia ni huu:

1. Pakua Mint mahali penye Wi-Fi ya bure, kwa kuwa faili lake linakaribia GB 3.
2. Liandike kwenye flashi, kisha washa mashine kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote.
3. Ukiwa humo, jaribu vyote unavyotegemea: Wi-Fi, printa, skana, sauti, tovuti zako za kila siku. Baadhi ya printa ndogo za leza ni korofi. Usiamini neno la mtu, chapa karatasi uione.
4. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje na uyafungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yanasomeka.
5. Ndipo usakinishe.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoliza watu. Kusakinisha upya hufuta diski.

## Windows 11 ya kulazimisha

Mafundi wengi wanaweza kupiga Windows 11 kwenye mashine iliyokataliwa, na inawaka vizuri. Siwezi kusema haifanyi kazi. Shida ni kwamba Microsoft wamesema mashine hizo hazina haki ya kupata masasisho, kwa hiyo unategemea hisani inayoweza kusitishwa. Kila toleo jipya la mwaka linaweza kudai fundi tena, na toleo la 24H2 limekataa kabisa kuwaka kwenye prosesa kongwe zisizo na amri fulani. Kijana anayejua anachofanya, kwenye mashine yake ya kujifunzia, afanye. Kompyuta ya SACCOS, zahanati au shule isifanyiwe hivyo.

## Makosa yanayorudiwa

Windows iliyochakachuliwa ndiyo kosa baya kuliko yote. Programu ya kuiwezesha bila leseni hukutaka kwanza uzime antivirusi, nawe unaizima, kisha unaipa programu usiyoijua mamlaka yote ya mashine. Hapo kuzungumzia viraka ni kupoteza muda.

La pili ni bando. Wengi huunganisha laptop kwa hotspot ya simu na kuiambia Windows kwamba mtandao huo ni wa kupimwa, ili isile data. Masasisho mengi hayaji tena yenyewe, hata kwa aliyejiandikisha kupata viraka vya nyongeza. Tenga siku moja kila mwezi, baada ya Jumanne ya pili, uipeleke mashine penye mtandao wa uhakika ipakue vyote. Laptop iwe na chaji, ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, mfumo wote unaweza kuharibika.

La tatu ni kuhesabu vumbi kuwa uzee. Hapa nyanda za kati, miezi ya kiangazi yenye upepo huziba feni, prosesa inapata joto na kujipunguza kasi yenyewe, na mwenyewe anadhani mashine imechoka. Fundi aifungue, aisafishe kwa hewa ya pampu na abadilishe pasta ya joto. Baada ya hapo pima tena kasi kabla ya kuamua lolote.

La nne linahusu steshenari hasa. Vitambulisho, namba za NIDA na vyeti vya wateja hubaki vimerundikana kwenye skrini kwa miaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakudai uzilinde. Mteja akimaliza, futa mbele yake.

## Kama huna namna ya kuihama Windows 10

Kuna kompyuta ambazo lazima zibaki: ile inayoendesha mashine ya zamani, au yenye kumbukumbu za hesabu zisizofunguka kwingine. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, hamisha mafaili kwa flashi moja isiyotumika kwingine, na weka kazi ya benki, barua pepe na malipo kwenye mashine nyingine. Maabara ya shule inaweza kuishi hivi muda mrefu: wanafunzi wanajifunza kuandika na kupiga hesabu bila intaneti, na kompyuta mbili tatu zenye viraka ndizo pekee zinazoingia mtandaoni. Shule zilizopokea kompyuta kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, zikague vizazi vya prosesa sasa na kuorodhesha zipi zinaenda Linux, badala ya kusubiri zote zikwame kwa pamoja.

## Unayenunua used mwezi huu

Mashine za kizazi cha 6 na 7 zitakuwa nyingi na bei yake itashuka. Ukiwa umeamua kutumia Linux, hiyo ni fursa nzuri: utapata laptop imara ya ofisini kwa bei nafuu. Ukitaka Windows, usikubali maneno "ina Windows 11 tayari". Soma namba ya prosesa mwenyewe, dukani, mashine ikiwa imewaka. Angalia pia kama BIOS imefungwa kwa neno la siri la kampuni ya zamani, na betri inakaa muda gani bila chaja. Muuzaji asiyekubali uiwashe kwa flashi yako ya Linux dakika kumi, mwache.

## Iliyokwisha kweli

Baadhi zimefika mwisho: biti 32, RAM isiyoongezeka, ubao uliokufa. Kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka hakuondoi data, wala fomati ya haraka. Diski ya kuzunguka iandikwe juu yote kwa programu ya kufuta. SSD ifutwe kwa zana ya mtengenezaji wake. Iliyokufa itolewe na sahani zake zivunjwe. Betri iliyovimba isitobolewe wala kutupwa motoni, na nyaya zisichomwe kutafuta shaba, moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani zake. Kioo, kibodi, RAM na chaja fundi atazinunua kama vipuri. Mpelekee baada ya diski kubaki mikononi mwako.